Nililipa elfu saba, msiba nikatangaziwa kwa maiki

Nianze na nyota: moja. Naiweka kwa hasira na nitaieleza kwa hasira, ila huko chini mtaniona naigusagusa, kwa hiyo msinikamate maneno mapema.

Jumamosi moja, si zamani sana, nilikwenda Sinza kwenye ukumbi wa ghorofani wanakoonyesha muvi za anga. Jina silitaji, wanaopajua wanapajua. Ni banda umiza lililovalishwa suti: projekta badala ya TV ya chogo, makochi matatu mbele kwa waliowahi, viti vya plastiki nyuma kwa sisi wa mwendokasi, na feni mbili, moja inazunguka kama inabembelezwa. Kiingilio elfu saba, soda na bisi humo humo, unalipa kwa lipa namba kabla hujapanda ngazi. Nimetoka Kimara, nimeshuka Shekilango, nimechukua bajaji. Nayasema haya ili ijulikane sikuwa mpita njia aliyeona taa. Nilikusudia.

Nilikusudia kwa sababu ya Spock, yule wa Star Trek, hadithi za meli ya anga za runinga na sinema. Usiku ule walikuwa wanaweka muvi ya Star Trek ya 1982, ile Spock anayokufa, kisha mjadala. Na mimi na Spock tuna historia. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, lakini mjomba wangu alikuwa baharia, na kwake Temeke kulikuwa na deki na rundo la kanda. Kiingereza chenyewe tulikuwa tunabahatisha. Mjomba alikuwa na tabia ya kusimamisha kanda kila anapotokea Uhura, yule dada wa mawasiliano, anatugeukia: "Mnamwona huyu? Jina lake letu. Uhuru huo, wamechezea herufi ya mwisho tu." Na ni kweli, ndiko lilikotoka. Alisimamisha kanda hiyo mpaka ikaanza kukwaruza. Lakini tukifika pale kwenye kioo, mjomba hakusimamisha hata siku moja. Rimoti anaiweka sakafuni.

Sasa kioo. Spock ameingia kwenye chumba cha mitambo kilichojaa mionzi ili meli ipate nguvu ya kukimbia. Amefanikiwa, meli imepona, yeye ameungua. Kapteni Kirk anafika mbio, wamemzuia, kati yao kuna ukuta wa kioo. Spock anainuka, na kabla hajageuka kumwendea rafiki yake, anavuta koti la sare chini, analinyoosha. Uso umeshaharibika, macho hayaoni, na bado ananyoosha koti. Mimi pale ndipo koo linaponikaba, siku zote, hata nikiwa naosha vyombo nikalikumbuka.

Anashika koti. Taa za ukumbi zikawaka.

Nikadhani TANESCO wamefanya yao kinyumenyume. Kumbe ni mshereheshaji, kijana wa fulana nyeusi, kasimama mbele na maiki: "Wadau, hapa tusimame kidogo tuelewane." Nyuma yake Spock kagandishwa nusu kainama, nusu kafumba macho, kama mtu aliyewahiwa na mpiga picha wa pasipoti, na alama ya kusimamisha imemkaa katikati ya paji la uso. Kijana akaanza kutueleza tutakachojisikia. Kwamba Spock ni nusu Vulcan, yaani watu wa sayari nyingine, nusu binadamu. Kwamba Wavulcan wanafundishwa tangu utoto kuzifungia hisia. Kwamba watazamaji walianza kumfahamu 1966, kwa hiyo dakika mbili zijazo, wadau, zitagusa sana.

Zitagusa! Mtu anakutekenya huku anakutangazia kwamba utacheka.

Nikanyoosha mkono, kwa adabu kabisa, nikasema, "Kaka, tuache tuone kwanza, utafafanua baadaye." Akanitazama. Akaileta maiki karibu na mdomo, yaani angeweza kunijibu bila maiki, tulikuwa hatua nne, akasema: "Dada yangu, kama umekuja kulia, tamthilia za Kituruki zipo kila jioni, nyumbani, bure."

Ukumbi ukacheka. Halafu kuna mmoja wa huko nyuma, Mungu anamwona, akapaza sauti: "Usilie dada, 1984 anarudi!" Wakacheka tena, na hapo mbele yangu kulikuwa na mtoto wa kike wa chuo, kutoka pale Mlimani, ambaye ndiyo kwanza anaiona. Akageuka akaniuliza, "Kwani anarudi?"

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili sekondari. Nimewahi kutukanwa na makondakta wa daladala wenye vipaji, na sikujisikia hivi.

Muvi iliendelea, lakini kilio kikishakatwa hakiungiki. Kiganja kikaenda kwenye kioo, vidole vikatengana viwili viwili, nami nikawa natazama alama ya mafuta ya bisi kwenye ukuta pembeni ya picha. (Bisi zilikuwa za moto na chumvi ya kutosha. Sikutaka kuliandika hilo.)

Mapumziko nikashuka kudai hela yangu. Binti wa chini, jojo mdomoni, macho kwenye simu: "Kiingilio hakirudi, imeandikwa." Imeandikwa wapi? Akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa friji. Nikaenda, nikainama, nikaisoma. Ilisema: USIEGEMEE FRIJI.

Mngetegemea niondoke. Ningeondoka leo mngekuwa mnasoma kitu kifupi na chenye nyota moja safi. Nilipanda tena, kwa sababu ubaoni walikuwa wameandika mada: "Je, machozi yameiua Star Trek?" Na mimi jambo hilo nina maneno nalo.

Mshereheshaji akaanza, na bila shaka alianza na Discovery, ule mfululizo wa 2017 hadi 2024. Shitaka lake mashabiki mnalijua: Michael Burnham, yule dada mhusika mkuu, analia mno, wenzake wanalia mno, meli inapigwa, ngao zinaisha, watu wawili wamesimama ukumbini wanaelezana wanavyojisikia. Akaleta ule msimu wa tatu ambapo fumbo kubwa la msimu mzima, meli za galaksi nzima kulipuka kwa mpigo mmoja, jibu lake linakuja kuwa ni mtoto aliyefiwa na mama yake akapiga ukelele. "Mtoto analia, galaksi inazimika!" Ukumbi ulianguka. Nami nilicheka, naomba radhi, mdomo uliniponyoka. Ingawa nikiwa peke yangu hadithi ile ya Su'Kal, mtoto mwenyewe, naipenda. Nani hajawahi kusikia mama akipigiwa simu ya msiba kwa jirani, mtaa mzima ukasimama?

Nikaomba maiki. Nikamwambia Star Trek ililia tangu inaanza. Mwaka ule ule wa 1966 kuna sehemu Spock anapatwa na ugonjwa unaoondoa kujizuia, anajifungia chumbani, analia kwa sababu hakuwahi kumwambia mama yake kwamba anampenda. Nikaenda kwa Data, yule mtu wa mashine wa mfululizo wa 1987. Mwaka 1990 anatengeneza binti, Lal, na binti anaharibika ubongo. Hatuonyeshwi Data akihangaika. Anatoka admirali, yule yule aliyekuja kumnyang'anya mtoto, anasimulia jinsi mikono ya Data ilivyokuwa inakwenda kasi kuliko jicho, anarekebisha hapa, pale panakatika. Data hana chozi, hana hata pa kulitolea. Waliokuwa sebuleni ndio waliolia.

Nikakaa, nimevimba kwa ushindi. Kijana akachukua maiki taratibu: "Asante sana dada. Umenimalizia kazi."

Na alikuwa sahihi! Mifano yangu yote miwili ni ya watu wanaoshindana na chozi, mmoja analizuia mpaka ugonjwa umshinde, mwingine hanalo kabisa. Nilikwenda kumtetea Burnham nikarudi nimeshuhudia upande wa mashitaka. Ukweli wenyewe, na huu sikuusema pale ukumbini, nyumbani kwangu Burnham akianza kuongea kwa ile sauti ya kunong'ona huwa napeleka mbele. Namtetea mbele za watu, nikiwa peke yangu namruka. Sonequa Martin-Green, anayemwigiza, anajua kuigiza, macho yake tu yanatosha, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana waandishi hawayaachi macho yakafanya kazi. Kila kinachomuuma lazima akitamke, na mwenzake akitamke tena, na muziki uje uthibitishe.

Ndipo likanijia. Nikasimama bila maiki, sauti ninayo. Nikasema kosa si chozi, kosa ni kulitangaza kabla halijatoka. Kusimamisha meli katikati ya hatari ili mtu aelezwe anachojisikia. "Kama ulivyofanya wewe na Spock, pale kwenye koti."

Jamani. Yule wa "1984 anarudi" ndiye aliyepiga meza wa kwanza. Kijana alitikisa kichwa, akatabasamu kwa upande mmoja, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuwa na neno.

Ningetaka niishie hapo. Lakini yule binti wa chuo naye akaomba kusema, akasema yeye asingeelewa chochote kama muvi isingesimamishwa. Alikuwa hajui Spock ni nani wala kwa nini hawagusani. Alipoambiwa kuhusu mionzi na kuhusu kufungia hisia, akatazama, akalia. Kweli kope zilikuwa zimeshikana. Yaani maelezo yaliyoniibia mimi kilio changu yalimpa yeye cha kwake, na elfu saba yake ni sawa na yangu. Sijui nifanye nini na hilo. Bado naamini angesubiri dakika mbili.

Kuhusu iendako Star Trek, nitapita haraka kwa sababu hata wao walipita haraka, saa ilikuwa imekwenda. Wanaotaka kumbi za sinema walilalamika kwamba ya mwisho ya kumbi ni ya 2016, na ile ya 2025 ya Michelle Yeoh iliishia kwenye mtandao, na ilipotajwa watu waliguna kama wametajiwa bei ya sukari. Jambo la maana alilisema binti yule yule. Yeye ameingilia kwa Uhura mpya, Celia Rose Gooding, aliyeanza 2022, mwaka aliofariki Nichelle Nichols, Uhura wa kwanza. Uhura huyu wamempa asili ya Kenya, wazazi na kaka yake walikufa kwa ajali, na jambo hilo analisema mara moja mezani, chakula kinapoa, kisha anarudi kazini. Binti akauliza, kwa nini basi wasimlete nyumbani? Nikamwongezea ya 1967, ile Uhura anayofutwa kumbukumbu yote, wanamfundisha kusoma upya, na ulimi wenyewe unakimbilia Kiswahili. Binti alikuwa hajaiona. Akaiandika kwenye simu.

Wakati natoka, mshereheshaji alikuwa ngazini anakunja waya wa projekta kwenye kiwiko. Hakuomba radhi, tusimpambe. Alisema, "Dada, Jumamosi tunaweka Data na mtoto wake. Sitasimamisha."

"Utasimamisha."

Akafikiri. "Nitasimamisha mara moja."

Nyota mbili, basi. Mbili na nusu kwa ajili ya bisi. Ile karatasi ya friji waitoe, au waandike wanachokisema. Na yule binti nimempa namba yangu anishikie kiti, nyuma, chini ya ile feni nzima, mbali na maiki.