Wali wa nazi: tui la kopo au la kukuna?
Tui la kopo lina wepesi wake: unafungua, unaongeza maji, unabandika sufuria. Ukirudi usiku umechoka, linafaa.

Lakini anayejifunza namshauri aketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Ikune nazi taratibu, na weupe ukikaribia kwisha acha, maana ukigusa kifuu tui linaingia rangi. Tia maji ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu, yaani kichujio cha kusukwa, tui zito weka kando. Chicha, yaani makapi ya nazi yaliyobaki, usitupe bado. Irudie maji upate tui jepesi. Mchele uchemke kwa hilo jepesi, zito limimine maji yanapokaribia kukauka, kisha funika na palia makaa juu. Harufu inayotoka hapo, kwa kopo sijawahi kuipata.