Mtungi wa Marajoara kutoka Icoaraci: nyota 4 kwa 5

Jamani nilienda Belém, Brazili, Novemba 2025 kwenye yale mambo ya COP30, ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, siku ya mwisho nikapanda basi mpaka Icoaraci, kama kilomita 20 hivi toka katikati ya jiji, kule mtaa wa Paracuri wafinyanzi wamejaa balaa. Duka sitalitaja maana nina la kulalamika.

Nilichonunua ni kopi ya mitungi ya kuzikia ya Wamarajoara, watu walioishi kisiwa cha Marajó pale Amazon inapomwaga maji baharini, tangu mwaka 400 hivi mpaka kwenye 1300, yaani Columbus hata hajazaliwa. Na hawakuwa wanatumbukiza maiti mzima mzima, hapana, wanasubiri nyama iishe, mifupa inasafishwa ndo inaingia humo, juu wanafunika na bakuli, mtungi unafukiwa kwenye vilima vya udongo walivyojaza wenyewe kukwepa mafuriko.

Sasa uangalie mtungi wenyewe. Umepakwa nyeupe, juu yake mistari myekundu na myeusi, shingoni kuna uso, macho duara makubwa kama bundi, nyusi zimeshuka zikaungana na pua, na tumbo la huyo mtu ndo tumbo la mtungi. Kuna wataalamu wanasema hilo ni tumbo la mama, ulitoka humo unarudishwa humo. Kwetu bundi akilia juu ya paa tunaanza kuhesabu wagonjwa, wenzetu wamemchora kaburini kabisa!

Mitungi mingine ya kale ilikutwa na vigae vya pembetatu vyenye matundu ya kamba, vya kufunika uchi wa mwanamke, Wabrazili wanaviita tanga. Nikamwambia muuzaji kwetu matanga ni kukaa msibani, akacheka, kumbe neno lenyewe Wareno walilitoa kwenye Kimbundu cha Angola.

Kazi ya mkono siwezi kuiponda. Kijana alikwaruza mchoro kwa msumari uliofungwa kwenye kijiti, dakika 40 hajanyanyua macho, akikosea analamba kidole anafuta. Reais 180, bei fea.

Nyota moja nimekata kwa sababu hizi. Mitungi ya kweli niliiona Forte do Presépio, ngome ya zamani pale Belém yenye makumbusho, rangi imefifia, nyufa kibao, ukisimama mbele yake unashusha sauti mwenyewe bila kuambiwa. Wangu wameupiga vanishi unang'aa kama sofa seti mpya. Bakuli la kufunikia hakuna, nimeuliza naambiwa weka maua. Maua, kwenye kaburi la mtu! Afu wakanifungia na gazeti kurasa mbili tu, nafika Dar sikio moja halipo, nimeligundisha na supagluu.

Nikauweka sebuleni. Jumapili shangazi kaja, kauzunguka, kauliza, "Mwanangu, huu wa maji?" Na mimi na kiherehere changu nikamweleza yote, mifupa na nini. Sasa hivi upo stoo, na kanga aliyoufunika nayo hajairudia mpaka leo.