Uzoefu wangu: kishikwambi chenye GPS kwenye mashamba ya kahawa Mbinga

Msimu mzima nimezunguka vijiji vya Mbinga nikichukua pointi za mashamba ya kahawa, yaani namba zinazoonyesha shamba lilipo kwenye ramani, kwa ajili ya chama chetu cha msingi cha wakulima. Wanunuzi wa Ulaya sasa wanataka kujua kahawa imetoka shamba gani hasa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inalenga kuzuia kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yaliyotoka kwenye ardhi ambayo msitu wake umefyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba linatakiwa liwe na latitudo na longitudo zenye tarakimu 6 baada ya nukta, na la kahawa likizidi hekta 4, yaani kama ekari 10, lichorwe mpaka wake wote. Kazi hiyo nimeifanya kwa vishikwambi viwili, kimoja hakina GPS na kingine kinayo, kwa hiyo anayejiuliza kama pesa ya ziada inastahili nina la kumwambia.

Cha kwanza nilikinunua Songea kwa shilingi 290,000. Ni cha Wi-Fi tu, hakina sehemu ya laini. Nilimuuliza muuzaji kama kina GPS. Akafungua ramani palepale dukani, na ile alama ya buluu ikatua juu ya mtaa tuliokuwepo. "Si hiyo hapo," akaniambia. Nikalipa.

Siku ya kwanza shambani ilikuwa Litembo, kwa mzee mmoja aliyekuwa ameamka alfajiri na mkewe kufyeka mpaka ili nipite vizuri. Nikafungua programu ya kuchukulia pointi, nikasimama pembeni mwa shamba, nikasubiri. Ikawa inatafuta tu. Nikafungua ramani, alama ya buluu ipo Mbinga mjini, kwenye nyumba ya wageni nilikotumia Wi-Fi jana yake. Nikasogea juu, nikashuka bondeni, alama haikutikisika. Mzee ananifuata nyuma na panga lake, haulizi kitu. Saa moja na zaidi ikapita hivyo. Ilibidi nimwombe radhi, nikaondoka bila pointi hata moja, na iliniuma kwa sababu watu wale walikuwa wameacha kazi zao kunisubiri.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kishikwambi kile hakikuwa kibovu. Hakina kipokezi cha GPS ndani yake, basi. Dukani kilijua kilipo kwa sababu kilisikia ruta, vile vifaa vinavyorusha Wi-Fi, za pale mtaani, na mahali pa ruta hizo panajulikana kwenye kumbukumbu za kampuni za ramani. Katikati ya migomba na mibuni hakuna ruta. GPS yenyewe ni kitu kingine kabisa: ni setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,000 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na njia yake. Kifaa chako kinasikiliza tu. Kikizisikia 4, kinapiga hesabu ya mahali kilipo. Hakitumi chochote, hakihitaji laini, hakihitaji bando. Nimekutana na watu wengi wanaozima GPS wakidhani inakula bando. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa ukiwa njiani. Mimi napakua ramani ya eneo lote nikiwa mjini kwa programu ya Organic Maps, halafu wiki nzima situmii intaneti kuisoma.

Kwa hiyo angalia kwanza aina unayotaka kununua. Kwenye iPad, GPS ipo kwenye zile zenye sehemu ya laini. Za Wi-Fi peke yake hazina. Habari njema ni kwamba huhitaji kuweka laini ili GPS ifanye kazi, ila utakuwa umelipia sehemu ya laini hata kama huitaki. Kwa vishikwambi vya Android mambo yanatofautiana: vingi vya Samsung vina GPS hata vikiwa vya Wi-Fi tu, na vingine vya bei ya chini havina kabisa. Maneno "huduma za mahali" kwenye boksi hayatoshi. Tafuta neno GPS lenyewe kwenye orodha ya sifa zake, na mara nyingi utalikuta pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China. Kifaa kinachosikia mifumo yote hii kina setilaiti nyingi zaidi za kuchagua, na kwenye mabonde yetu, ambako nusu ya mbingu imefichwa na mlima, utaona faida yake.

Cha pili ni Samsung Galaxy Tab A7 Lite ya laini, kioo cha inchi 8.7, betri ya 5,100 mAh, nilinunua kwa 420,000. Tofauti ni 130,000. Kinakaa kwenye begi dogo na nakishika kwa mkono mmoja nikipanda mteremko. Betri inanitosha siku nzima ya kuchukua pointi nikipunguza mwanga, ila natembea na pawabenki kwa sababu juani hakuna kioo cha kishikwambi kinachosomeka bila kuongeza mwanga.

Asubuhi, mahali pasipo na mtandao, GPS inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kukupa pointi ya kwanza. Usiogope. Kila setilaiti inahitaji kama nusu dakika kutangaza njia yake, na ikikatika katikati kifaa kinaanza upya. Ukiwa na intaneti taarifa hizo zinapakuliwa mara moja, ndiyo maana mjini ni haraka. Mimi nikishuka tu kwenye bodaboda nakiwasha na kukiweka mahali peupe, kisha naingia kusalimia. Salamu za kwetu hazina haraka, nikimaliza nakuta kiko tayari. Namba ya usahihi, yaani pointi inaweza kukosea kwa mita ngapi, inaanza mita 30, inashuka 12, inatulia 5 au 4. Chini ya migrevilea, ile miti ya kivuli, ikiwa minene inagoma kwenye 9 au 10, hapo nasogea kwenye uwazi kidogo na kusubiri.

Nilirudi kwa yule mzee wa Litembo. Tulizunguka shamba lote, kishikwambi kikachora umbo lake, na chini ikaandikwa ekari 2.6. Mzee akakataa. "Mwanangu, hili shamba ni ekari tatu. Tulilipima kwa kamba mimi na baba yako mdogo." Na alikuwa sahihi kwa kamba yake. Kamba ililazwa juu ya mteremko, wakati GPS inapima shamba kama linavyoonekana kutoka angani. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 100 za kamba ni kama mita 87 tu kwenye ramani. Nikachukua kamba, yeye akashika ncha juu ardhini, mimi nikashuka nikaivuta ikakaa mlalo hewani bila kuilaza ardhini, mkono wangu ukawa juu ya kichwa. Akaitazama ile kamba hewani, akatazama ardhi chini yake, akasema, "Kumbe unapima kivuli chake." Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo. Akaomba kuliona tena umbo kwenye kioo, akamwita mkewe, wakaonyeshana kwa kidole ulipo mgrevilea wa mpakani.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kishikwambi kuliko simu. Simu janja nyingi zina GPS, na kama unachohitaji ni pointi moja kwa shamba dogo, simu yako inatosha, usitoe pesa. Lakini mpaka ukishachorwa, mwenye shamba lazima auone na kuukubali, na kwenye kioo cha simu mzee wa miaka 70 haoni kitu. Kama kishikwambi ni cha kusomea na kuangalia video nyumbani, chukua cha Wi-Fi na ubaki na chenji yako. Na kwa upimaji wa hati ya ardhi, unaobishaniwa kwa sentimita, hakuna kishikwambi cha kukufaa, mwite mpima ardhi na vifaa vyake.

Ukienda dukani, weka programu ya kupima GPS inayoonyesha setilaiti moja moja. Zima Wi-Fi, washa hali ya ndegeni, toka nje mpaka uone anga, subiri dakika 5. Zikianza kujitokeza na alama ikatulia, lipa. Muuzaji akikataa usitoke nacho, mwambie atoke nacho yeye, simameni wote.

Kile cha kwanza sasa anacho mdogo wangu wa kidato cha tatu, anasomea fizikia kwa Wi-Fi ya jirani, na hajawahi kukilalamikia.