qBittorrent ndiyo iliyonionyesha kuwa kosa halikuwa la mtandao

Natengeneza laptopu Mwenge. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wenye mashine za zamani hawakauki, maana Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na mashine zao hazina. Wengi nawawekea Ubuntu 24.04, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. ISO yake, yaani faili la kuuwekea kwenye mashine, inakaribia GB 6.

Siku mbili mfululizo niliishusha kwa kivinjari, bando la usiku, nikiielekeza moja kwa moja kwenye diski ya nje kwa kuwa laptopu yangu imejaa. Mara zote mbili ikafia ilipobaki theluthi. Nikaulaumu mtandao. Nikaisogeza ruta dirishani, nikanunua bando lingine, likaenda na maji.

Kijana wa duka la pili akaniambia, "Bro, chukua torenti yake, Ubuntu wenyewe wanaiweka kwenye tovuti yao." Nikaweka qBittorrent, programu ya torenti, yaani ya kushusha faili vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengine. Ni ya bure na haina matangazo. Ikagoma ndani ya dakika chache, haijafika hata asilimia 5! Nilikasirika, lakini kugoma mapema vile ndiko kulikoniokoa. Torenti haishushi faili kuanzia kichwani hadi mkiani. Inaokota vipande popote vilipo. Kipande cha mwishomwisho kilipokuja, diski ikakikataa, na programu ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba faili ni kubwa mno. Diski ilikuwa imefomatiwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, ambao haupokei faili moja la GB 4 au zaidi. Kivinjari kilikuwa kinagonga ukuta uleule, ila kilinichelewesha usiku mzima kabla ya kuufikia, na hakikusema kitu.

Nikahamisha vitu vyangu, nikaifomati diski kwa exFAT, mtindo unaopokea faili kubwa, nikaanza upya. Saa nane usiku umeme ukakatika. Uliporudi nikaiamuru programu ikague vipande vilivyokwishaingia, ikaendelea palepale ilipoachia. Asubuhi nikalinganisha SHA256 ya faili, yaani msimbo unaoonyesha kama faili limefika bila kuharibika, na ile ya tovuti ya Ubuntu, zikafanana herufi kwa herufi. Usiiruke hatua hii, hasa kama mashine ni ya mteja.

Jambo la kuangalia sana ni bando. Wakati unashusha, programu inawapa wengine vipande ulivyonavyo, na MB zako zinakwenda. Weka kikomo cha kupakia kwenye mipangilio. Usiandike 0 ukidhani umefunga: humo 0 maana yake hakuna kikomo. Mimi naandika 10, yaani KB 10 kwa sekunde.

Kwa dada yangu Kimara kuna fayiba isiyopimwa. Nikilala kwake Jumamosi nakiondoa kikomo, naiacha igawe hadi asubuhi. Kuna fundi mahali naye anaingoja hiyo ISO.