Stella de Oro kwenye baridi ya Minnesota: uzoefu wangu

Niliagiza Stella de Oro kwa posta, aina mojawapo ya deilili (daylily, mmea wa maua ambao kila ua hudumu siku moja), kwa sababu nilitaka maua yasiyonidai muda. Nafanya kazi zamu za usiku, na bustani yangu ya mbele hapa Minneapolis ni kipande cha udongo wa mfinyanzi kati ya ngazi na barabara. Wakati wa baridi theluji inayosukumwa kwa koleo hurundikwa hapohapo, pamoja na chumvi yake. Mawaridi hayakutoboa.

Kifurushi kilifika Mei. Usitarajie mche wa kijani. Nilikuta mfuko wa plastiki wenye maranda, na ndani yake mizizi minene yenye vifundo, imesinyaa kidogo, majani yamekatwa yakabaki urefu wa kiganja. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliigeuzageuza akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo umelipia pesa hii? Si mihogo tu?" Basi mihogo hiyo ndiyo akiba ya maji na chakula, na ndiyo maana mmea huu hukaa njiani siku kadhaa bila udongo na haufi. Niliiloweka saa chache, nikachimba shimo pana, nikainua kichuguu katikati na kuitandaza mizizi pande zote. Shingo ya mmea, pale mizizi inapokutana na majani, ifunikwe kwa udongo kama sentimita 2.5 tu. Ukiizamisha zaidi, utapata majani mengi na maua ya kuhesabu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili ndio ulionilipa. Stella de Oro ni mfupi, mabua yake ya maua hufika kama sentimita 30, lakini bua moja hubeba vitumba vingi. Ua likifunguka asubuhi, kesho yake limekwisha, na jingine limeshika zamu.

Ila lebo ilisema "huchanua majira yote ya joto", na hapo ndipo ninapokata nyota moja. Ukweli ni kwamba linakuja wimbi kubwa Juni hadi Julai, mmea unapumzika, halafu maua machache machache yanaendelea mpaka baridi ipige. Hata hayo machache yana kazi yake. Ua lililokufa huwa bwabwa, linanata vidoleni. Usipolichuma pamoja na kijifuko cha kijani kilicho chini yake, mmea unahangaikia mbegu badala ya maua. Bua likiisha, likate chini kabisa. Kila baada ya miaka 3 au 4 ng'oa shina zima, uligawe kwa koleo kali, kisha upande upya. Vinginevyo katikati hubanana na maua hupungua.

Kuhusu rangi, ni njano ya kiini cha yai, na haipatani na rangi ya waridi wala zambarau. Ningeanza leo ningechagua deilili nyingine, Happy Returns, ambao njano yake ni ya limau, imetulia.

Stella ulizalishwa na Walter Jablonski wa Indiana, ukasajiliwa mwaka 1975, na mwaka 1985 ukapata Stout Silver Medal, tuzo kubwa kuliko zote katika deilili. Indiana kuna baridi ya kweli, na mmea huu hufa majani kila msimu wa baridi ukalala usingizi chini ya ardhi. Si deilili zote ziko hivyo. Nyingine hubaki na majani mabichi mwaka mzima, na baadhi ya hizo hazivumilii baridi kali. Muuzaji wangu aliniuzia mwekundu wa aina hiyo bila kuandika popote, na Aprili nilikuta shingo imeoza, ukiivuta inatoka mkononi. Alinirudishia nusu ya pesa baada ya kumwandikia mara kadhaa. Kabla ya kulipa, uliza kama mmea hulala wakati wa baridi, na jibu upewe kwa maandishi.

Sungura waliuma majani machanga, yakaota tena. Kulungu ni wabaya zaidi, wao hula vitumba usiku mmoja wakavimaliza.

Mimi nampa Stella nyota nne, muuzaji mbili. Na kama unafuga paka, achana na mmea huu kabisa: sehemu zote za deilili ni sumu kwa paka na huua figo zake, hata akitafuna jani tu. Paka akionekana ametafuna, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje aanze kutapika.