Darasa la barua za Paulo hapa Kisumu: 1,500 yangu ilienda wapi

Watu wananiuliza sana kuhusu lile darasa la Jumamosi la barua za Paulo, lile la holi ya kanisa huku Milimani, ati lina maana ama ni kuchoma pesa tu, sasa acha niandike hapa mara moja nisirudie.

Ni Jumamosi sita, saa nane mpaka saa kumi na moja, 1,500 kwa M-Pesa. Mi nilienda na kiburi kidogo juu nimesoma masomo kanisani miaka mingi, kumbe nilikuwa nasoma barua za watu wengine kama vile zilitumwa kwangu Kondele. Siku ya kwanza mwalimu akauliza mbona Warumi iko mbele, sote tukasema juu ndiyo ilitangulia, akacheka. Zimepangwa karibu kwa urefu tu, ndefu mbele! Ya zamani kabisa wasomi wengi wanasema ni Wathesalonike wa Kwanza, kama mwaka wa 50 hivi, kabla hata injili ya Marko haijaandikwa. Na wanajuaje miaka? Kuna jiwe lilipatikana Delphi huko Ugiriki limetaja Galio, yule liwali wa Matendo 18 aliyeletewa kesi ya Paulo, na jiwe linamweka Akaya, mkoa wenye Korintho, kama mwaka wa 51 au 52. Ukishapata hapo unahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma.

Lakini siku yenye ilinimaliza ni ya Korintho. Mji wa bandari mbili, Warumi waliubomoa mwaka wa 146 kabla ya Kristo alafu Julius Caesar akaujenga upya miaka mia moja baadaye, kwa hivyo umejaa wageni, wafanyabiashara, watumwa walioachiliwa, kila mtu anataka kuonekana ni mtu. Sasa soma Wakorintho wa Kwanza sura ya 11 ukijua hivyo, wenye nacho wanafika mapema wanakula wanalewa, kibarua anakuja jioni anapata sufuria tupu, na hiyo ni Meza ya Bwana! Sote tukaangaliana, juu meza ya wakubwa kwa harambee tunaijua.

Alafu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Nilidhani ni mambo ya zamani mpaka mama mmoja akauliza, mwalimu, na ile ng'ombe ya matanga yenye mila imefanywa, aliyeokoka ale ama asile? Wueh. Saa nzima ikaishia hapo na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Paulo mwenyewe anasema nyama ya sokoni kula bila kuuliza-uliza, lakini mtu akikuambia hii imetolewa sadaka, acha kwa ajili yake yeye aliyekuambia. Mzee wa nyuma akasema basi shida ni wale wanapenda kuambia watu.

Ubaya sasa. Fotokopi zimefifia mpaka ramani ya safari inakaa tope la ziwa, kuanza ni nusu saa baadaye kila wiki, na Warumi yote, sura 16, ilipewa saa moja ya mwisho, hiyo siwezi kusamehe haraka. Fibi wa Kenkrea, yule dada Paulo anamsifu sura ya 16, aliguswa tu, na Tertio aliyeshika kalamu kumwandikia Paulo hiyo barua hakutajwa kabisa. Pia mjue mwalimu atawaambia wasomi wengi wanashuku kama barua za Timotheo na Tito ni mkono wa Paulo mwenyewe. Kuna jamaa alisimama akatoka, wiki ile ingine akarudi na maswali mawili ameandika kwa karatasi. Mwalimu hakumkasirikia, alimjibu pole pole, na akasema wako pia wasomi wanaokataa hiyo. Hapo nilimheshimu.

Chai ni ya maziwa, mandazi ni bei yako.

Nishalipa ya awamu ijayo, wamesema ni Wagalatia peke yake wiki zote sita. Kiti cha karibu na feni ni changu, msijaribu.