Nimechoresha mhusika wangu wa D&D, uzoefu wangu huu hapa

Wale mnaocheza Dungeons & Dragons ule mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake kwenye hadithi ya kubuni, mnaelewa, unakaa na mhusika mmoja mwaka na zaidi, unamjua mpaka anavyonuna, halafu picha yake ni ya kuokota Pinterest na wala haifanani naye. Wangu ni tiefling, yaani mtu mwenye asili ya kishetani, ana pembe na mkia, halafu ni mganga, mama mtu mzima, mweusi, kasuka twende kilioni. Hebu mtafute mtandaoni tiefling aliyesuka twende kilioni uone kama utampata, wote wekundu kama nyanya na nywele za kuteleza, wakati kitabu cha wachezaji cha 2014 chenyewe kinasema tiefling anaweza kuwa na rangi yoyote ya ngozi ya binadamu, huo wekundu ni nyongeza tu.

Basi nikampa oda dada mmoja mchoraji yuko Ufilipino. Bei zake kifua kwenda juu dola 50, nusu mwili 80, mwili mzima 120, mandhari ya nyuma unaongeza 15. Kilichonichekesha pembe na mkia hachaji ila mabawa anachaji. Nikachukua nusu mwili na mandhari, nusu ya hela unatanguliza, iliyobaki unamalizia ukishakubali skechi, nililipa PayPal kwa kadi ya benki na benki nayo ikala chake kwenye kubadilisha hela. Kabla sijatuma hata senti nilimwomba video ya kazi yake nyingine akiwa anachora, maana siku hizi unauziwa picha ya AI unaambiwa imechorwa kwa mkono, akatuma bila kununa.

Sasa hapa ndipo aliponimaliza. Akaniuliza, hizo pembe zinatokea wapi, na msusi anazipitaje? Aisee mezani kwetu hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Nikamtumia picha za kichwa kilichosukwa, ya mbele, ya pembeni na ya kisogoni, skechi ilivyorudi mistari inaanzia kwenye paji, ikifika kwenye pembe inaachana, inapita huku na huku halafu inakutana tena nyuma, na pale kwenye shina la pembe kaweka vinywele vidogo vilivyochomoka kama vya mtu aliyesuka wiki iliyopita. Niliizoom ile sehemu mpaka nikajishangaa.

Macho ndiyo tulirudiana kidogo, alimwekea mboni, na tiefling jicho lake ni rangi moja zima, hakuna mboni wala weupe, nilitaka dhahabu tupu. Akarekebisha bure, marekebisho kwenye hatua ya skechi hayana malipo ila ukishafika kwenye rangi kila badiliko unalipia, kwa hiyo kagua kila kitu kwenye skechi jamani, hata vidole.

Kanga ndo hakuipatia. Kachora kitambaa cha maua tu, nikamwambia kanga ina pindo linazunguka pande zote nne, akaongeza pindo upande mmoja, nikaona basi yaishe. Halafu muda, alisema wiki tatu ikapita zaidi ya mara mbili yake na usipomuuliza hasemi kitu, hili lilinikera kwa kweli kwa sababu hela yote alishaishika.

Faili ni PNG kubwa, nimeprinti A3 na imetoka safi. Ruhusa ni ya matumizi binafsi, yaani mezani, ukutani, profaili sawa, ila huruhusiwi kuuzia fulana. Ukicheza kwenye Roll20, ile tovuti ya kuchezea mtandaoni, mwambie mapema akutengenezee na kile kiduara cha uso cha kumweka mhusika kwenye ramani, mimi nilikata mwenyewe na pembe moja ikabaki nje.

Nampa nne kwa tano. Bei ya kundi letu zima kwenye picha moja ameshanitajia, tunachangishana, yule mwenye mhusika mchawi ndo bado anajifanya hajaona meseji.